Milioni 128 zilizowagombanisha mashemeji: mali za kudumu kwenye mizania ya kampuni

"Shemeji, karatasi hii hapa. Milioni mia moja ishirini na nane. Nipe nusu yangu tuagane kwa heri."

Maneno hayo yalisemwa mbele yangu katika ofisi moja ndogo ya Nyakato, jijini Mwanza. Aliyeyasema alikuwa na nusu ya hisa za kampuni inayotengeneza barafu, kukusanya samaki kwenye mialo ya visiwani na kuwauza mjini. Nusu nyingine ilikuwa ya mume wa dada yake. Karatasi aliyoishika ilikuwa mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni kwa siku moja, niliyoiandaa mimi, mhasibu wao, na kidole chake kilikuwa kimekandamiza mstari mmoja: mali za kudumu, shilingi 128,000,000. Kwa hesabu yake, haki yake ilikuwa milioni 64. Mwenzake naye alikuwa na hesabu yake: chukua mali zote zilizoandikwa humo, toa madeni yote, zinabaki milioni 68, kwa hiyo anayeondoka apewe 34. Kila mmoja alimwona mwenzake mwizi, na wote wawili walikuwa wanasoma karatasi ileile.

Nilijilaumu siku ile na najilaumu hadi leo. Miaka kadhaa mfululizo nilikuwa nimewakabidhi karatasi hiyo wakaitia sahihi, na sikuwahi kukaa nao hata saa moja kuwaeleza mstari ule unasema nini na hausemi nini. Makala haya ni saa hiyo moja. Tarakimu nimezirahisisha ili hesabu zifuatike, na kampuni nimeificha, lakini ugomvi wenyewe ulikuwa kama nilivyousimulia.

Tuanzie kwenye jina, maana hapo ndipo wengi wanapopotelea. Wapo wanaoziita mali zisizohamishika. Kwa lugha ya kisheria, mali isiyohamishika ni ardhi na kilichojengwa juu yake. Gari la kampuni yetu asubuhi lipo Mwaloni Kirumba, jioni lipo Magu. Mtumbwi wake leo umelala Igombe, kesho uko Ukerewe. Vyote viwili vimo ndani ya zile milioni 128. Kuhama au kutohama si hoja kabisa. Mimi hutumia jina la mali za kudumu, ingawa nalo lina kasoro yake, kwa kuwa karibu kila kilichomo humo kina siku yake ya mwisho.

Kinachoangaliwa ni kazi. Kampuni ina mamlaka juu ya kitu hicho, inakitumia katika shughuli zake badala ya kukiweka kwa ajili ya kukiuza, na inatarajia kukitumia zaidi ya mwaka mmoja wa hesabu. Nenda kwenye mwalo wowote wenye mafundi wa mitumbwi ukaone. Mtumbwi ambao fundi ameumaliza na anasubiri mteja ni bidhaa. Kwenye vitabu vyake unakaa pamoja na mbao na misumari, upande wa mali za muda mfupi. Mvuvi akiununua jioni hiyo ili avulie dagaa miaka inayokuja, mtumbwi uleule, rangi haijakauka, umegeuka kuwa mali ya kudumu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa vizimba vya sato, ambavyo siku hizi vinazidi kuonekana ziwani. Fremu na nyavu za kizimba ni mali za kudumu. Chakula cha samaki kilichoko stoo ni akiba ya stoo, mali ya muda mfupi. Samaki wenyewe, walio hai majini, hawaingii kwenye kundi lolote kati ya hayo mawili: wana kiwango chao cha uhasibu, namba 41, kinachowahesabu kama viumbe hai na kuwapima kwa bei ya soko baada ya kutoa gharama za kuuza. Kizimba kimoja, mistari mitatu tofauti ya mizania.

Nimetaja kiwango, basi niseme viwango hivyo vinatoka wapi. Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha Julai 2004, chini ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA. Kinachotuhusu zaidi hapa ni namba 16, ambacho wahasibu hukiita IAS 16. Kampuni ndogo zina toleo lao lililorahisishwa, ila misingi nitakayoieleza ni ileile.

Sasa tuingie ndani ya milioni 128. Zilikuwa na sehemu nne: jengo pamoja na haki ya ardhi milioni 52, mashine ya barafu milioni 45, gari milioni 22, mtumbwi na injini yake milioni 9. Hakuna hata moja kati ya tarakimu hizo iliyotoka sokoni, na hilo ndilo jambo ambalo mashemeji wale hawakulijua.

Mashine ya barafu inatosha kulionyesha. Ilinunuliwa kwa milioni 60. Kuisafirisha kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Mwanza kukala milioni 3.5. Kuijengea msingi wa zege, kuifunga na kuivutia umeme kukala milioni 4.5, na kuijaribu kabla ya kuanza kazi milioni 1. Kwenye vitabu mashine haikuingia kwa milioni 60. Iliingia kwa 69. Kanuni ni kwamba kila gharama iliyohitajika kukifikisha kitu mahali pake, kikiwa tayari kwa kazi kilichonunuliwa kuifanya, ni sehemu ya gharama ya kitu hicho. Ushuru wa forodha usiorudishwa huingia. Kodi ya ongezeko la thamani haiingii, iwapo kampuni imesajiliwa na inaweza kuirudishiwa.

Kulikuwa pia na milioni 2 za kuwafundisha vijana wawili kuiendesha mashine. Hizo hazikuingia. Mwanahisa mmoja aliniuliza kwa nini, kwa sababu bila mafunzo mashine isingefanya kazi. Swali lake lilikuwa la haki. Jibu ni kwamba ujuzi umekaa vichwani mwa vijana, na kesho wanaweza kuajiriwa kiwanda cha jirani wakaondoka nao; kampuni haina mamlaka juu yake kama iliyonayo juu ya chuma. Kwa hiyo mafunzo ni matumizi ya mwaka ule. Na ile barafu iliyotoka siku za majaribio ikauzwa? Zamani mauzo hayo yaliruhusiwa kupunguza gharama ya mashine. Tangu Januari 2022 kiwango kimebadilishwa, na fedha hizo zinahesabiwa kama mapato, na gharama za kuitengeneza barafu hiyo kama matumizi.

Kwa wanaojenga hapa kwetu kuna gharama moja inayosahauliwa sana. Mji umekaa juu ya mawe. Kiwanja cha kampuni hii kilikuwa na jabali katikati, na kulipasua na kulisomba kulikula milioni 7 kabla tofali la kwanza halijawekwa. Aliyekuwa akiandika vitabu kabla yangu alizitupa milioni hizo kwenye matumizi ya kawaida ya mwaka, faida ya mwaka ule ikaonekana kuporomoka pasipo sababu. Kutayarisha eneo ni sehemu ya gharama ya jengo. Tulilirekebisha, na jengo likasimama vitabuni kwa milioni 55.

Turudi kwenye mashine. Imeingia kwa 69, mizania inasema 45. Zimeenda wapi milioni 24?

Zimeliwa. Neno letu rasmi ni uchakavu, na ni neno linalowapotosha watu wengi kwa sababu linaleta picha ya kutu na bomba linalovuja. Uchakavu wa vitabuni haupimi kutu. Ni namna ya kuigawa gharama ya kitu kwa miaka kitakayofanya kazi, ili kila mwaka unaofaidi barafu ubebe sehemu yake ya mashine. Tulikadiria mashine itafanya kazi miaka 10, na mwishoni itauzwa kwa milioni 9 kama vipuri na chuma. Kinachogawanywa ni 69 ukitoa 9, yaani milioni 60. Kwa miaka 10, ni milioni 6 kila mwaka. Miaka minne imepita: limbikizo la uchakavu ni 24, na zilizobaki ni 45.

Milioni 45 hizo zina maana moja tu: kati ya fedha tuliyotoa zamani, hiki ndicho kipande ambacho hakijabebeshwa mwaka wowote bado. Hazisemi mashine ikiwekwa sokoni kesho itachukuliwa kwa bei gani. Hazisemi mashine mpya inauzwaje leo. Ni kumbukumbu ya fedha iliyokwisha kutoka, ikaunganishwa na makadirio ya miaka inayokuja, na ndiyo maana huitwa thamani ya kitabuni.

Neno makadirio nalisisitiza kwa makusudi. Laiti tungesema mashine itadumu miaka 6, uchakavu ungekuwa milioni 10 kwa mwaka, na faida ya kila mwaka ingepungua kwa milioni 4 zaidi, bila samaki hata mmoja kuongezeka au kupungua. Anayeamua idadi ya miaka anaigusa faida. Kwa hiyo IAS 16 inadai makadirio hayo yapitiwe upya angalau kila mwisho wa mwaka wa hesabu. Kwa kampuni ndogo ninazozijua, hili halifanywi. Miaka huandikwa siku ya kununua, basi, hadi kitu kinakufa.

Wakati mwingine kitu chenyewe kinakataa kufa. MV Victoria ilianza kazi ziwani mwaka 1961. Ilisimama, ikakarabatiwa kwa kiwango kikubwa, na mwaka 2020 ikarudi kwenye safari za Bukoba. Hakuna mhasibu wa mwaka 1961 ambaye angeandika miaka 59 mbele ya jina la meli. Meli kama hiyo inafundisha pia kwamba chombo kimoja kina maisha kadhaa ndani yake: ganda lina miaka yake, injini zina miaka yake, vifaa vya ndani vina yake.

Mtumbwi wetu ni uleule kwa udogo. Ganda la mbao liligharimu milioni 8 na tulilipa miaka 8. Injini nayo iligharimu milioni 8, lakini injini inayosukuma mzigo wa barafu na samaki karibu kila siku hatukuipa zaidi ya miaka 4. Ukiviandika pamoja kama kitu kimoja cha milioni 16 kwa miaka 8, uchakavu ni milioni 2 kwa mwaka, na mambo yanaonekana shwari. Ukivitenganisha, ganda ni milioni 1 na injini milioni 2, jumla 3. Ile milioni 1 inayofichwa kila mwaka huja kujitokeza yote kwa mpigo mwaka wa nne, injini inapozima katikati ya ziwa huku vitabu vikidai kwamba nusu yake bado ipo. Kutenganisha sehemu kubwa zenye maisha tofauti ni sharti la kiwango, na kwa vyombo vya majini naliona kuwa sharti la lazima kuliko mahali pengine popote.

Hapo hapo linazaliwa swali ninaloulizwa kila wiki: matengenezo yaandikwe wapi? Kukalafati mtumbwi, kubadilisha plagi na oili, kushona wavu uliochanika, hayo yanaurudisha mtumbwi kwenye hali yake ya juzi. Ni matumizi ya mwaka huo. Kufunga injini mpya ni jambo jingine. Injini mpya inaingia kama mali ya kudumu, na ya zamani lazima ifutwe vitabuni. Nimeona mizania yenye injini tatu za mtumbwi mmoja.

Sasa nifike kwenye kosa ambalo naamini limeua biashara nyingi za uvuvi kuliko mawimbi. Watu husikia "uchakavu wa milioni 6" wakadhani kuna milioni 6 zimewekwa mahali. Hazipo. Fedha ilitoka yote siku mashine iliponunuliwa. Uchakavu ni mwandiko unaopunguza faida, haugusi akaunti ya benki. Lakini maana yake kwa mwenye mali ni nzito. Chukua tajiri mwenye mtumbwi na injini. Samaki wanauzwa, mafuta yanatolewa, chakula cha wavuvi kinatolewa, kinachobaki kinagawanywa kati yake na wavuvi, na fungu lake analiona faida yote. Anasomesha watoto, anajenga, na ni haki yake. Ila ndani ya fungu lile, kila mwaka, kulikuwa na milioni 2 ambazo si faida: ni injini yake mwenyewe aliyokuwa akiila vipande vipande. Inapokufa, anakwenda kukopa. Kampuni inayoandika uchakavu walau inaambiwa ukweli huo kila mwaka, na inaweza kuamua kutoigawa fedha hiyo kama gawio.

Kuna daftari ambalo bila hilo yote haya ni hewa: daftari la mali. Kila kitu, namba yake, tarehe na gharama ya kununua, kilipo, miaka iliyokadiriwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa kampuni hii ilikuwa karibu neno kwa neno. Tulipopita kuhakiki, daftari lilikuwa na friza mbili ambazo uchakavu wake ulikuwa umeshakamilika, thamani ya kitabuni sifuri. Moja ilikuwa imetupwa muda mrefu. Nyingine tuliikuta kwa wakala wa Ukerewe, inagandisha vizuri kabisa. Sifuri ya vitabuni haikuizuia kufanya kazi.

Gari nalo lilizua mkanganyiko wake, kwa sababu ya Mamlaka ya Mapato. Lilinunuliwa milioni 40; tulilikadiria miaka 5, na mwishoni kuuzwa kwa milioni 10, hivyo uchakavu ni milioni 6 kwa mwaka, na baada ya miaka mitatu limebaki 22. Lakini kwenye hesabu za kodi gari lilelile lilikuwa limebaki milioni 9 na laki 8 hivi. Mwanahisa mmoja alidhani kuna vitabu viwili, vya kweli na vya uongo. Hakuna uongo. Sheria ya Kodi ya Mapato haifuati makadirio ya kampuni. Ina makundi yake na asilimia zake. Gari dogo la mizigo, chini ya tani 7, liko kundi la asilimia 37.5 ya salio: 40 inashuka hadi 25, kisha 15.6, kisha 9.8. Vyombo vya majini na mitambo ya viwandani ni asilimia 25 ya salio, samani za ofisi 12.5, na majengo ya kawaida ya biashara asilimia 5 ya gharama kila mwaka. Serikali inapanga asilimia hizo kwa malengo yake ya kodi. Tofauti kati ya 22 na 9.8 ndiyo huzaa mstari mwingine unaowachanganya watu, kodi iliyoahirishwa: leo umepunguziwa kodi haraka, kesho utalipa zaidi.

Ardhi nchi hii ina habari yake. Vitabu vya kigeni vitakuambia ardhi haichakai, kwa kuwa haina mwisho. Kwetu, chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake; unachopata ni haki ya kuimiliki kwa muda, na muda wa hati huwa miaka 33, 66 au 99. Haki yenye mwisho inagawanyika. Kampuni hii ililipa milioni 16.5 kwa haki ya miaka 33, ni laki 5 kwa mwaka. Baada ya miaka sita zilibaki 13.5. Jengo la milioni 55, kwa miaka 20, lilibaki 38.5. Ndizo zile 52. Pango la muda mrefu pia lina jambo linalofanana: tangu Januari 2019, kampuni inayofuata viwango kamili ikikodi godauni kwa miaka mitano huandika haki ya kulitumia kama mali, na kodi ya pango inayodaiwa kama deni.

Lakini jengo hilo lipo mahali ambapo lami imefika na viwanja vimepanda bei sana. Je, mizania haiwezi kulisema hilo? Inaweza, kampuni ikichagua. IAS 16 inaruhusu njia mbili: kubaki na gharama, au kuthamini upya mara kwa mara kwa bei ya soko. Ukichagua ya pili, huwezi kulithamini jengo lililopanda ukaliacha lililoshuka; kundi zima linathaminiwa. Na ongezeko haliingii kwenye faida ya mwaka. Linakwenda moja kwa moja upande wa mtaji, kwenye akiba ya uthamini, kwa sababu hakuna aliyeuza chochote. Kampuni ndogo nyingi hubaki na gharama, kwa kuwa mthamini aliyesajiliwa hulipwa. Siwalaumu. Ila ukibaki na gharama, usije siku moja ukaitumia kama bei.

Kuandika kupanda kwa thamani ni hiari. Kushuka ni lazima. Chukulia kampuni iliyojenga mgahawa na nyumba ya wageni upande wa Kigongo, pale magari yalipokuwa yakipanga foleni kungoja kivuko cha kwenda Busisi. Juni 2025 daraja la kilomita 3 hivi lilifunguliwa, na safari iliyokuwa ya kusubiri ikawa ya dakika chache. Ukuta haukupasuka, bati halivuji, uchakavu wa kawaida unaendelea kuhesabiwa kama jana. Foleni ndiyo imeondoka. Hapo kiwango kingine, namba 36, kinadai ulinganishe thamani ya kitabuni na kile jengo linachoweza kukurudishia, iwe kwa kuliuza au kwa kuendelea kulitumia, ukichukua kikubwa kati ya hivyo viwili. Kama vitabuni ni milioni 80, mnunuzi anatoa 30, na kuligeuza ghala kutaleta fedha zenye thamani ya 35 kwa leo, basi jengo linaandikwa 35, na hasara ya milioni 45 inatangazwa mwaka huo. Inauma. Lakini benki au mwanahisa mpya anayesoma 80 anadanganywa, hata kama kila shilingi yake ina risiti.

Basi, mashemeji wetu. Aliyekuwa anaondoka alikosea mara mbili: alichukua thamani ya kitabuni akaifanya bei, na akasoma upande mmoja tu wa mizania. Upande wa pili ulikuwa na mkopo wa benki wa milioni 58 na deni la wauzaji la milioni 11. Mashine na gari vilikuwa vya kampuni, sawa, lakini sehemu kubwa vilinunuliwa kwa fedha ya mtu mwingine. Aliyekuwa anabaki alikumbuka madeni, akaongeza pia milioni 9 za fedha taslimu na wadaiwa, ndipo akapata 68. Kosa lake lilikuwa moja, lakini ni lilelile: alimlipa mwenzake kwa kumbukumbu ya zamani.

Aliitwa mthamini. Jengo na ardhi akaviweka milioni 95. Mashine 30, kwa kuwa wanunuzi wa mashine ya barafu iliyotumika ni wachache. Gari 25. Mtumbwi na injini 6. Jumla 156. Ongeza zile 9, toa madeni ya 69: zinabaki 96, na nusu yake ni 48. Haikuwa 64, wala 34. Walikaa kimya kwa muda mrefu, kisha aliyekuwa anabaki akasema, "Shemeji, nilikuwa nakudhulumu pasipo kujua." Mwenzake akajibu kwamba hata yeye. Hisa zilinunuliwa kwa 48, kwa awamu.

Mwezi uleule kampuni iliuza gari, kwa kuwa mtu mmoja asingeweza kuisimamia njia ya Magu peke yake. Liliuzwa kwa milioni 25. Nilipoandika kwenye hesabu faida ya milioni 3 kutokana na kuuza mali, mbali na mauzo ya samaki, yule aliyebaki alinipigia simu. Faida gani, mhasibu wetu, kwenye gari lililonunuliwa 40 likauzwa 25?

Nilimwambia kwamba kwa miaka mitatu tulikuwa tumeibebesha kampuni milioni 18 za gari lile. Sasa tumejua kwamba gari lilikula 15 tu. Hizo 3 ni zile tulizozidisha.

"Yaani faida zetu za miaka ile zilikuwa kubwa kidogo kuliko tulivyoandika."

"Kwa milioni moja kila mwaka, ndiyo."

Nilisikia anavuta kiti, anafungua kitu. Aliniuliza namba ya gari kwenye daftari la mali, nikamtajia, naye akaniambia nisubiri kwenye simu wakati anaandika tarehe na kupiga mstari.